Mtoto na Khabari za Waliotangulia

Mwezi wa Januari 2024 ulianza kutumika katika shule za msingi za nchi yetu mtaala mpya, na ndani yake mna somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo mtoto hulianza afikapo darasa la tatu. Kabla ya hapo khabari za kale zilikuwa zimetiwa katika Maarifa ya Jamii pamoja na Jiografia, na aghlabu mtoto alimaliza darasa la saba akiujua mlima mrefu kuliko yote katika Afrika, wala asijue ni nani aliyelijenga boma alipitalo kila siku aendapo shule. Kwa hiyo twalisifu jambo hili la kuipa historia mahali pake. Lakini kitabu ni kitabu, na vipindi ni vichache kwa wiki. Sisi hapa twataka kusema na wazazi, na walimu wenzetu wa vyuo, na vijana wenye wadogo zao nyumbani, juu ya sehemu ya kazi hii ambayo hakuna serikali iwezayo kutufanyia.

Sisi ni watu wa chuo. Tumesoma Qur'ani na shule ya msingi, hatukupita mbele ya hapo, na hatujidai kuwa wataalamu wa historia. Ila tumefundisha watoto miaka mingi katika mji wa Iringa, na miaka mingine Mbeya, na watoto wanaotujia jioni ni wale wale waliotoka shuleni mchana. Wanachokisoma huko hutujia nacho, pamoja na maswali ambayo hawakuthubutu kuyauliza darasani. Kwa hiyo tumelazimika kuijua kazi hii hata kama haikuwa yetu.

Jambo la kwanza tulilolitambua ni hili: mtoto wetu hudhani kwamba historia ni kitu kilichotokea mahali pengine. Muulize khabari za Badri na Uhud atakupa, na majina ya Masahaba atakuhesabia, na hilo latufurahisha sana. Kisha muulize ni nini kilichotokea Lugalo, mahali ambapo basi la kwenda Morogoro hupapita kabla abiria hawajamaliza kupanga mizigo yao, naye atakujibu kwamba Lugalo ni kambi ya jeshi Dar es Salaam. Ni kweli ipo kambi ya jina hilo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba jina limetoka kwao likaenda huko.

Na watoto wa Mbeya wana neno lao. Husema: "Maalim, Mbeya haina historia." Tumelisikia mara nyingi hata kutoka kwa watu wazima. Mji wa Mbeya kweli ni mchanga; ulianzishwa mwaka 1927, na ulikuzwa na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ambako watu wa kila kabila na wageni wa kila namna walikimbilia katika miaka ya 1920 na 1930. Lakini je, huo si ndio utamu wake? Mji mkongwe wa pwani hapana mtu aliyeuona ukizaliwa. Mji wa Mbeya, babu alimsimulia mtoto wake, na mtoto huyo leo ndiye bibi aliyekaa barazani anachambua mchele. Mtoto anaweza kumwuliza: babu yako alikuja hapa kufuata nini? Akija na jibu la swali hilo moja, amekwisha anza kusoma historia, na wala hajafungua kitabu.

Tatizo la pili ni miaka. Kwa mtoto wa miaka tisa, mwaka 1891 na mwaka 1961 na zama za Nabii Nuhu zote ni "zamani". Hatuwezi kumlaumu. Sisi hutumia kamba ya katani. Twaifunga mafundo, kila fundo ni miaka kumi, na baina ya fundo na fundo shubiri moja. Mtoto hushika mwanzo wa kamba, akajiona kwamba yeye mwenyewe hajafika hata fundo moja. Baba yake yuko kwenye fundo la nne. Bibi yake la saba. Uhuru wa Tanganyika wa 1961 upo karibu sana na bibi, na watoto hucheka wakitambua kwamba bibi aliizaliwa nchi ikiwa bado ya Waingereza. Vita vya Lugalo viko mafundo kumi na matatu na kitu. Kisha twawaambia: sasa twende mpaka Hijra ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwaka 622. Hapo kamba hutoka mlangoni, ikavuka uwanja, na wavulana hukimbia nayo, kwa kuwa yataka mafundo mia moja na arobaini. Mmoja wao aliwahi kutuuliza juu ya yale mawe yaliyochongwa ya Isimila, nje ya mji wa Iringa, ambayo wataalamu walifukua mwaka 1957 na 1958, na ambayo umri wake wameukadiria kuwa zaidi ya miaka laki mbili. Tulimwambia kamba yake itakwenda zaidi ya kilomita nne, naye akakaa kimya kidogo kisha akasema katani haitatosha.

Tangu tuanze kamba hiyo hatumwambii mtoto akariri mwaka mpaka aushike kwanza kwa mkono.

Sasa tuingie katika khabari yenyewe, maana hapo ndipo penye uzito.

Tarehe 17 Agosti 1891, ambayo iliangukia mwezi wa Muharram mwaka 1309 wa Hijra, jeshi la Wajerumani lilikuwa likipita Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo. Mkubwa wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Jeshi lilikwenda kwa mstari mrefu mwembamba, halikujiweka tayari kwa vita. Wahehe, ambao vitabu vingi huwakadiria kuwa elfu tatu, walikuwa wamejificha kando ya njia. Walipotoka, mambo yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski mwenyewe aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Mtawala wa Wahehe wakati huo alikuwa Mkwawa mwana wa Munyigumba. Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijipanga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome yake ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa aliponyoka, akaishi porini akipigana vita vya kuvizia karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, askari walipokuwa wamemkaribia sana, alijipiga risasi. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Hivi ndivyo isimuliwavyo Iringa, na mtoto wa Iringa huisikiliza kifua mbele. Lakini tulipokuwa Mbeya tuliisimulia siku moja, na kijana mmoja wa Kisangu akanyosha mkono akasema:

"Maalim, babu yangu asema Mkwawa ndiye aliyetufukuza kwetu."

Darasa likanyamaza, wakitazama sisi tutasemaje. Tukamwambia: "Babu yako amesema kweli, mwanangu. Simama uwaeleze wenzio."

Maana ni kweli. Kabla Mjerumani hajafika, Wahehe na Wasangu walipigana kwa miaka mingi, na Wasangu wakatolewa katika nchi yao ya bonde la Usangu. Mtawala wao Merere akahamia magharibi, akajenga ngome Utengule, karibu na hapa ulipo mji wa Mbeya. Wajerumani walipokuja kupigana na Wahehe, Wasangu walijiunga nao, na nguvu za Wahehe zilipovunjika walirejea kwao. Mwenye kumwambia mtoto wa Kisangu kwamba wazee wake walikuwa wasaliti wa taifa, amemdhulumu. Mwaka 1891 halikuwapo taifa la kusalitiwa. Palikuwa na jirani aliyekuchomea kijiji, na mgeni usiyemjua aliyekuambia atakusaidia. Na mwenye kumwambia mtoto wa Kihehe kwamba shujaa wake alikuwa mnyang'anyi tu, naye amedhulumu. Kitabu cha shule hakina nafasi ya kuyapima haya yote. Husema "Mkwawa aliwapinga Wakoloni", kikafunga ukurasa. Hakisemi uongo. Ila kimemwacha yule kijana wa Kisangu na khabari ya babu yake moyoni bila mahali pa kuiweka, na khabari isiyo na mahali pa kuwekwa yaweza kugeuka kuwa chuki.

Tumeona watu wazima, ndani ya msikiti mmoja, wakitupiana maneno ya vita ambavyo hata babu zao hawakuviona. Walifundishwa nusu nusu, kila mtu nusu yake.

Basi mtoto atajuaje la kweli? Hapa, ndugu zetu, Waislamu tuna urithi ambao twaushangaa ukilala kabatini. Wanazuoni wetu hawakuipokea khabari yoyote ya Mtume (s.a.w.) mpaka wameuliza: nani kasema? Aliisikia kwa nani? Yule naye alikutana na nani? Alikuwa mtu mwenye kuhifadhi au mwenye kusahau? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 875, walitumia umri wao katika kazi hiyo. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametuamrisha tuihakikishe khabari ituletewayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Twawafundisha watoto wetu sanadi za hadithi. Kwa nini tusiwafundishe kuuliza vivyo hivyo juu ya khabari za mji wao?

Mfano mzuri uko Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa, katika nyumba ya makumbusho ambamo limewekwa fuvu liitwalo la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu hilo kwa Waingereza. Halikurudi mpaka mwaka 1954, ambapo Gavana Edward Twining alilipata katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, penye mafuvu mengi yasiyo na majina, na akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule mtawala, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Sasa mtoto na aulize: katika mafuvu mengi, walilitambuaje? Jibu ni kwamba walilipima, wakaona vipimo vyake vyakaribiana na vya watu wa ukoo wake. Je, hiyo ni yakini? Wako wataalamu walioshuku. Twawaambia watoto kwamba hii ni dhana, na dhana ina daraja zake, na kwamba mtu aweza kuiheshimu nyumba ile na jamaa za marehemu, na bado akajua tofauti iliyopo baina ya "imethibiti" na "imedhaniwa". Mtoto wa darasa la sita aliyeielewa tofauti hiyo ametuzidi wengi wetu tunaopelekeana khabari katika simu kila asubuhi.

Kadhalika hesabu. Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 viligusa nchi zetu hizi. Wabena wa Njombe waliishambulia misheni ya Yakobi mwezi wa Septemba 1905, na Wahehe na Wasangu wakabaki upande wa serikali. Waliokufa ni wangapi? Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gwassa alikadiria baina ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Mtoto ataona hesabu mbili zimepishana sana, ataudhika, atataka umpe moja aiandike katika mtihani. Mwalimu wa shule labda atampa. Sisi humwuliza: aliyehesabu kwanza alikuwa nani, na alikuwa na sababu ya kupunguza? Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis wa mwaka 1332, aliwalaumu wanahistoria waliomtangulia kwa kupokea hesabu kubwa za majeshi bila kufikiri kama nchi yenyewe ingeweza kuyalisha. Alikuwa mtu wetu huyo, na alisema hayo zaidi ya miaka mia sita iliyopita.

Yako maswali ambayo hayamo katika kitabu kabisa. Binti mmoja, wala hakuwa mkubwa, alituuliza: "Maalim, Mkwawa ataingia peponi?" Alikuwa amesoma shuleni kwamba Mkwawa alijiua ili asitekwe, na kwamba huo ulikuwa ushujaa; na chuoni alikuwa amesoma kwamba kujiua ni haramu. Mambo mawili yamegongana ndani ya kichwa kidogo. Yuko mwalimu ambaye angemwambia: hayo ya shule waachie wa shule. Jibu hilo sisi hatulipendi hata kidogo, kwa kuwa linamfundisha mtoto kuwa na vichwa viwili, kimoja cha mchana na kimoja cha jioni. Tulimwambia: kujiua dini yetu yakataza, na hukumu hiyo haibadiliki kwa ajili ya mtawala wala maskini. Na historia yatuambia alilolifanya mtu na kwa sababu gani, haituambii mtu yuko wapi leo. Hilo lipo kwa Mola wake, wala Mwenyezi Mungu hakutuuliza sisi rai yetu. Kisha tukamweleza walivyomfanyia kichwa chake, kwa maneno machache yanayofaa umri wake, apate kufahamu mtu yule alikuwa akikimbia nini. Wadogo zaidi hatuwaelezi hilo. Wa darasa la tatu hutosheka na vita na ngome.

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko yote, na tunaliandika tukijua kwamba wako watakaotukasirikia.

Kijana wa darasa la sita alitujia analia. Wenzake walikuwa wamesoma khabari za biashara ya utumwa, na wakati wa mapumziko wakamwambia, "Ninyi Waislamu ndio mliouza watu." Alitaka tumwambie kwamba ni uongo. Macho yake yote yalikuwa yakituomba neno hilo moja.

Hatukulisema. Tulimkalisha, tukamsimulia khabari za Mlozi. Mtu huyu alikuwa mfanya biashara wa pembe na watumwa, mmoja wa wale walioitwa Waarabu wa Karonga, kaskazini ya Ziwa Nyasa, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu wa Kyela. Mwaka 1887 watu wake waliwaangukia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa, wakaua wengi na wakateka wanawake na watoto. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikifanya biashara huko iliingia vitani naye, na vita vikaendelea kwa miaka, mpaka Desemba 1895 Waingereza walipomkamata, wakamnyonga. Hayo yametokea, na bibi za baadhi ya wanafunzi wetu wa Kinyakyusa wanayo masimulizi yake. Tukimficha mtoto, atayakuta mbele katika kitabu cha mtu mwingine, na siku hiyo hatatuamini hata katika yale ya haki tuliyomfundisha.

Baada ya kumwambia hilo, ndipo tulipokuwa na haki ya kumwambia mengine. Kwamba misafara ile ilinunua watu kutoka kwa watawala wa bara waliouza mateka wao wa vita. Kwamba wanunuzi walikuwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na kabla yake mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi; na pembe zilizobebwa mabegani mwa watu hao zilikwenda Ulaya na Marekani kuchongwa vibao vya piano. Kwamba Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 kwa kushurutishwa na Waingereza. Kwamba Wajerumani, waliojisifu kuja kuukomesha utumwa, walitawala mpaka wakaondoka bila kuufuta kwa sheria, na katika Tanganyika ulifutwa mwaka 1922. Na tukamwambia kwamba dini yetu imeufanya uhuru wa mtumwa kuwa ibada na kafara, na kwamba Sayidna Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa mtumwa aliyenunuliwa ili aachwe huru. Wale wafanya biashara waliyasoma haya. Wengine wao walisali mwanzo wa wakati. Kwa hiyo lawama yao ni kubwa zaidi kuliko ya asiyejua.

Kijana akauliza: "Basi niwajibu nini kesho?"

Tukamwambia awajibu kwamba ni kweli walikuwapo Waislamu waliouza watu, na kwamba anaweza kuwatajia mmoja kwa jina lake, na mwaka, na mahali. Kisha awaulize wao wanajua nini zaidi. Alikwenda. Hatukusikia tena kwamba amedhihakiwa, na mwaka uliofuata wawili katika wale wenzake, watoto wa Kikristo, walifuatana naye mpaka kwetu kuitazama kamba ya mafundo.

Kuna wazazi wanaosema kwamba mtoto mdogo afundishwe mazuri tu ya wazee wake, mabaya atayajua akikua. Kwa yale yanayotisha, kama damu na vichwa, twakubaliana nao. Kwa yale yanayoaibisha hatukubali. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Yusuf, yamsimulia mtoto wa kila nyumba ya Kiislamu jinsi wana wa Nabii Yaakub walivyomtupa ndugu yao kisimani, na jinsi msafara ulivyomuuza kwa thamani ndogo. Hao ni wana wa Nabii. Hakuna aliyesema sura hiyo isisomwe na watoto; ndiyo waipendayo kuliko nyingi.

Tukiacha khabari za vita na utumwa, yako mambo mepesi yaliyo karibu na mkono, nayo yanatoweka kwa haraka. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee khabari za Maji Maji, kwa kuwa wakati ule bado walikuwako watu walioviona vita vile kwa macho yao. Miaka michache baadaye wasingewapata. Leo sisi tunao wazee wa reli. Reli ya TAZARA ilijengwa baina ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa msaada wa Wachina. Na sehemu ngumu kupita zote ilikuwa hii yetu ya kupandia nyanda za juu, baina ya Mlimba na Makambako, ambapo yalijengwa madaraja 46 na mahandaki 18. Kijana aliyeshika koleo pale akiwa na miaka ishirini sasa amepita sabini. Wengine wanasali safu ya kwanza, na mtoto hupishana nao mlangoni pa msikiti kila magharibi bila kujua.

Kwa hiyo, katika chuo chetu, kila mtoto aliyefika darasa la tano hupewa kazi moja kwa likizo: amtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, amwombe ruhusa kwa adabu, amwulize mambo matano tu, wala asizidishe akamchosha. Ulizaliwa wapi? Nani alikuleta hapa, na kwa ajili gani? Ulifanya kazi gani ukiwa kijana? Ni jambo gani uliloliona mwenyewe ambalo sisi hatutaliona tena? Na ni jambo gani ulilosimuliwa na mzee wako? Majibu huandikwa katika daftari, na juu ya kila ukurasa jina la msimulizi, na siku aliposimulia. Na pembeni ya kila khabari neno moja: "aliona" au "alisikia". Hilo neno la pembeni ndilo tunalolikagua kwa kalamu nyekundu. Hati mbaya twaisamehe.

Akina mama, kazi hii khasa ni yenu, kwa kuwa bibi husema na mjukuu maneno ambayo hawezi kumwambia mwalimu. Katika daftari letu la pili mna bibi aliyewakaangia maandazi wajenzi wa reli, akajua kuhesabu kwa Kichina mpaka ishirini; msichana aliyeyaandika hayo ameziandika hesabu zote ishirini kwa herufi zetu kama alivyozisikia. Yumo mzee aliyesema kwamba ndani ya handaki baruti ikilipuka mtu husikia kwa kifua kabla ya sikio. Pembeni pameandikwa "aliona", na mtoto akaongeza kwa kalamu ya risasi, "alisikia kwa kifua", nasi tukaacha.

Madaftari manne yamekwisha jaa. La tano tumelinunua, na wazee watatu wamekubali kuulizwa likizo ijayo. Mmoja wao ametupa sharti kwamba watoto waje asubuhi, kabla jua halijamlegeza, na waje wawili wawili, kwa kuwa haoni vizuri na hapendi kusimulia akiwa hajui ni nani aliye mbele yake.